Besi kwa Sikio Moja

Kila Jumamosi mnaponijia hapa uani Milanzi na magitaa yenu mgongoni, swali la kwanza huwa lile lile. "Shikamoo mzee. Mbona unapiga pekupeku?" Nami huwajibu lile lile: ni mila ya Wafipa. Mkaamini. Hata yule mtangazaji aliyekuja kunihoji aliamini, akaliweka hewani.

Wanangu, hakuna mila ya namna hiyo. Mfipa akiwa na viatu anavaa, na kwa baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa sita anavaa na soksi mbili. Nilikuwa nadanganya. Nilianza uongo huo nikiwa na miaka thelathini na minne, na uongo ukikaa mdomoni muda mrefu unaota mizizi kama jino. Leo naung'oa. Mkinisikia narukaruka, mnivumilie. Mwanamuziki mzee hasimulii kwa mstari, anarudi kwenye kiitikio kila anapopata nafasi.

Mimi nilikuwa fundi baiskeli pale sokoni. Besi nilianza kupiga kwa sababu ya waya za breki. Miaka ile nyuzi za gitaa zilikuwa hazipatikani hata uende Mbeya, na mtu wa kwanza kuja kwangu kuulizia waya mnene wa breki ambao hautatumika kwenye breki alikuwa Remiji. Huyu Remiji alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mpiga solo, na kiongozi wa bendi iliyoitwa Mbizi Njuga. Alitufundisha muziki kama alivyofundisha hesabu: ukikosea unarudia, ukikosea tena unarudia umesimama. Nikampa waya. Akarudi wiki iliyofuata kutaka mwingine, nikamwambia sitampa mpaka anionyeshe anaufanyia nini. Akanionyesha: alikuwa ameufunga kwenye gitaa la besi. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nashinda zaidi kwenye mazoezi yake kuliko kwenye baiskeli za watu, na wateja wakaanza kuziba pancha zao wenyewe.

Mpiga dramu wetu alikuwa Saidi, mtoto wa Kasanga, wa familia ya wavuvi na wachuuzi wa ziwani. Kaka yake alikuwa anavusha mizigo kwenda Zambia na Kongo, na kila akirudi, katikati ya vitenge na sabuni kulikuwa na santuri mbili tatu. Ndivyo soul na funk zilivyofika kwetu, kwa boti, zimefungwa ndani ya kitenge zisivunjike. Tulikuwa tumezoea rumba. Mara tukasikia watu wanaoimba kama wanaungama dhambi, na besi inayotembea kama jogoo aliyenunua shamba. Halafu zikaja santuri za visiwa vya Karibi, tumba na madebe, midundo iliyochukuliwa kwetu kwa minyororo ikarudi imevaa kofia ya sherehe. Saidi alisikiliza moja ya hizo mara moja tu, akasema, "Hii naijua. Hii ni ya shangazi yangu, wameigeuza tu."

Kiingereza hatukukijua. Mwimbaji wetu alikariri maneno kwa sauti tu, akayaimba kwa hisia mpaka machozi yanamlenga. Siku moja dereva wa lori kutoka Zambia alituacha tumalize wimbo, kisha akakaa chini akacheka hadi akashika mbavu. Akasema kwa hisia zile zote tulikuwa tunamwomba mkwe atupe mkate. Kuanzia siku hiyo Remiji akapiga marufuku: nyimbo zote ziwe za Kiswahili au Kifipa, na kila atakayeimba jambo ajue analoliimba.

Mara ya kwanza kupiga funk mbele za watu nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Ilikuwa bugi, yaani dansi la mchana wa Jumapili, maana kina mama wengi wasingeruhusu mabinti zao kutoka jua likizama. Nikaingia na besi yangu na kila nilichokijua. Vidole vilikimbia. Sikuacha hata upenyo wa sindano. Baada ya dakika mbili ukumbi mzima ulikuwa umesimama ukinitazama, na mimi nikadhani wamepagawa.

Remiji akanisogelea bila kuacha kupiga. "Kanisi, wewe unahubiri. Hawa wamekuja kucheza."

Niliumia. Nikaenda nyumbani kwa mama yangu mdogo, Yustina, aliyenilea baada ya mama kufariki, nimekunja uso. Mama Yustina alikuwa hodari wa nsimba. Mmeiona kwenye harusi: kigoda kinasuguliwa juu ya chungu, na chungu kinanguruma kama simba mwenye mafua. Akanisikiliza, akaenda jikoni, akarudi na chungu na kigoda chake. Akapiga magoti. Akavuta, gruuu. Akaacha. Akavuta tena, gruuu.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Umesikia nini?"

"Mngurumo."

"Hapana. Nakuuliza hapa katikati, nilipoacha. Hapo ndipo mtu anapoweka mguu. Wewe umewajazia pote, waweke wapi?"

Sijafundishwa somo kubwa kuliko hilo. Nilimpeleka kwa Remiji akarudie, na Remiji, mtu asiyetoa sifa, akamwomba aingie kwenye bendi na chungu chake. Kina mama wenzake wa kanisani walimsema. Akawaambia yeye yuko kazini mchana kweupe, na kwamba kama Mungu hapendi chungu asingeruhusu udongo. Hivyo ndivyo ulivyopatikana muziki ambao siku hizi mnauita "ladha ya Mbizi". Haikuwa siri. Besi ilifuata kigoda, dramu ikafuata santuri za kaka yake Saidi, na katikati ya wimbo wetu mkubwa tulikuwa tunakata wote kwa mapigo manne, kimya kabisa, kisha tunaangukia mdundo pamoja. Watu walilipenda lile shimo kuliko muziki wenyewe. Walikuwa wanaacha mguu hewani, wanasubiri.

Ninyi mna kompyuta. Juzi mmoja wenu alinionyesha kwenye simu jinsi anavyochora mapigo kwa kidole, na biti haikosei hata iweje. Nilipenda, sikatai. Ila chombo chenu hakijui hali ya hewa. Sisi tulikuwa tukishuka kutoka huku juu kwenye baridi kwenda Ilemba au Kasanga kwenye joto, nyuzi zinalegea sauti inashuka, ngozi za tumba zinakauka sauti inapanda. Ukipanda jukwaani bila kujua hilo, bendi moja inapiga nyimbo mbili. Dawa yake: fika, shusha vyombo, vikae kivulini vizoee mahali, ndipo urekebishe. Na nyuzi za besi zikichoka zikawa bubu, usizitupe. Zichemshe kwenye maji yenye sabuni kidogo, zifute, zianike. Zinafufuka kwa wiki mbili. Na baridi ikikaza vidole, weka kiazi cha moto kila mfuko wa koti. Ukimaliza kupiga, unakula.

Sasa sikio.

Mwanangu wa kwanza alileta matumbwitumbwi kutoka shuleni. Yeye aliugua siku nne akarudi kucheza. Mimi, baba mzima, nikavimba mashavu kama mtu aliyeficha maandazi, mke wangu Anjela akanifunga kanga kichwani, na majirani wakaja kunipa pole huku wanauma midomo wasicheke. Homa ilipotoka, ilitoka na sikio langu la kushoto.

Niligundua kwa saa ya mkononi. Nilikuwa naifunga asubuhi, nikaiweka sikio la kulia, inatembea. Nikaiweka la kushoto, imekufa. Nikairudisha kulia, imefufuka. Nilifanya hivyo labda mara saba, nikidhani saa ndiyo mbovu. Daktari alimulika ndani, akagongagonga vyuma vyake, akasema mshipa umekufa na hautarudi. Akaniambia nishukuru limebaki moja.

Mpiga besi mwenye sikio moja. Nilitoka pale hospitali nikiwa nimeshaamua kwamba hakuna atakayejua.

Hofu yangu ilikuwa na chanzo. Mwaka mmoja kabla, bendi ilikuwa na mpiga tarumbeta, Mzee Leonsi, mtu mzuri sana. Meno yake ya mbele yakaanza kutoka, na tarumbeta bila meno ni kama kupuliza moto kwa kiwiko. Siku moja kwenye mazoezi sauti ikakataa kabisa kutoka, Remiji akatupa kalamu yake mezani akasema, "Bendi si hospitali." Wiki iliyofuata Leonsi hakuja. Hakuja tena. Neno lile nililibeba tangu siku ile, na nilipopoteza sikio likawa zito mara mbili.

Anjela alijua siku ya pili. Mke hadanganyiki kwa jambo kama hilo. Alinisemesha mara tatu akiwa upande wa kushoto, akaenda upande wa kulia, nikajibu.

"Waambie wenzako," alisema.

"Nikiwaambia nitarudi kuziba pancha."

"Kuziba pancha ni dhambi?"

"Si dhambi."

"Basi unaogopa nini?"

Jibu nililijua, ila lilinitia aibu. Sikuogopa njaa. Niliogopa kwamba wangempata mpiga besi mwingine, na kwamba muziki ungeendelea vizuri tu.

Basi nikajifunza kuiba sauti kwa njia nyingine. Nilivua viatu. Jukwaa likiwa la mbao, dramu kubwa inapigwa kule, unaipata kwenye nyayo hata ukiziba masikio yote mawili. Ndipo mila ya Wafipa ikazaliwa. Nilijifunza kumtazama Saidi bega, kwa sababu bega la mpiga dramu linapanda kabla fimbo haijashuka. Nilijifunza kusoma midomo ya mwimbaji. Kila tulipopanga vyombo nilihakikisha dramu ziko kulia kwangu, na kwa namna ambayo sikuielewa, siku zote zilikuwa kulia. Niliona ni bahati yangu.

Mitaani mambo yaliharibika. Watu walinisalimia kushoto nikapita kama mti. Mwenyekiti wetu wa mtaa aliniita mara tatu mbele ya watu, nikaenda zangu, akatangaza kwamba besi imenipanda kichwani. Rafiki zangu wa sokoni wakaacha kunisalimia. Miaka minne, wanangu. Nilikuwa napiga vizuri na nilikuwa nachoka kama mtu aliyebeba gunia ambalo haruhusiwi kulitua hata anapokula. Kwenye safari sikulala. Kwenye chakula nilikaa pembeni ya ukuta ili kushoto kwangu pasiwe na mtu. Mtu akicheka nilicheka, bila kujua kilichosemwa.

Kisha ikaja Idi ya Kasanga. Kaka yake Saidi alitualika tupige mchana wa sikukuu, Idi Mosi na Idi Pili. Tulipakia lori asubuhi. Tulikuwa na jukwaa letu dogo la mbao, vipande vinne vya kuunganisha, ambalo Remiji alilichongesha kwa fundi seremala ili, alisema, mwimbaji aonekane. Dereva akakataa kulibeba. Mteremko ni mkali, mzigo umezidi, achaneni na mbao. Nikamshangaa Saidi. Mtu mpole yule, aligombana na dereva mpaka wakashikana mashati.

"Mbao tu, bwana!" dereva alifoka. "Kasanga hakuna sakafu?"

"Mbao hizi zinakwenda," Saidi alisema.

Hazikwenda. Remiji aliamua tuondoke, muda ulikuwa unapita. Saidi alinuna njia nzima.

Kasanga tulipangiwa uwanja wa saruji mbele ya ghala. Nikavua viatu, nikakanyaga, na nikajua nimekwisha. Saruji haisemi kitu. Halafu umeme wa jenereta ulikuwa na waya mfupi, kwa hiyo dramu zikawekwa kushoto na spika yangu ikasukumwa kulia, karibu kabisa na sikio langu linalosikia. Upepo wa ziwa nao ukavuma. Nilikuwa najisikia mwenyewe tu, kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa na besi yake.

Watu walikuwa wengi. Wazee wamevaa kanzu, watoto na nguo mpya, akina mama na vitenge vya kutoka ng'ambo, hata wafugaji Wasukuma waliokuja kuuza ng'ombe wa sikukuu walisimama nyuma na fimbo zao. Nyimbo mbili za kwanza nilizipita kwa kumtazama Saidi, ingawa shingo ilikuwa inaniuma kwa kugeuka. Wa tatu ulikuwa wimbo wetu mkubwa, ule wenye shimo.

Remiji alikuwa anatoa ishara ya kukata kwa sauti, neno moja tu. Siku hiyo upepo ulilichukua. Jua lilikuwa machoni mwangu, Saidi nimempoteza. Bendi nzima ikakata. Mimi nikaendelea.

Mmewahi kusikia besi peke yake, katika uwanja wenye watu mia kadhaa, pale ambapo kila mtu ameacha mguu hewani? Du-du-dum, du-du-dum. Nilikuwa naona nyuso tu. Nikaona mtoto mmoja ananinyooshea kidole. Nikaacha ghafla, na hapo wenzangu wote wakaangukia, kwa hiyo nikawa nimekosea mara mbili: nilipiga kwenye kimya na nikanyamaza kwenye muziki. Watu wakacheka. Shimo la pili lilipokuja niliogopa mno nikakata mapema, wimbo ukachechemea kama ng'ombe mwenye jeraha. Wachezaji wakaanza kutazamana. Wawili watatu wakatoka uwanjani.

Jasho lilinitoka hata kwenye vifundo vya mikono. Nilikuwa nafikiria kuchomoa waya na kusema gitaa limeharibika. Ndipo kitu kikanigusa mguu.

Mama Yustina alikuwa amekaa chini na chungu chake, mwanzoni hatua mbili kutoka nilipo. Alikuwa amejiburura juu ya saruji na kigoda chake na chungu chake, bila kuacha kupiga, mpaka tumbo la chungu likaegemea vidole vyangu vya mguu. Akavuta. Mngurumo ukapanda kutoka kwenye kidole gumba hadi gotini. Akaacha, na nikaisikia ile nafasi katikati kama mtu anayesikia mlango umefunguliwa. Sikumtazama, naye hakunitazama. Shimo la tatu likaja, chungu kikanyamaza, mimi nikanyamaza. Moja, mbili, tatu, nne. Chungu kikavuta, tukaangukia wote, na uwanja ukalipuka.

Tulimaliza. Watu walipiga makofi. Mimi niliweka gitaa chini nikaenda ufukweni, nikakaa kati ya mitumbwi iliyopinduliwa, maana sasa nilijua kwamba yeye anajua. Na kama anajua yeye, basi imekwisha. Niliamua kumwambia Remiji kabla hajaniambia yeye. Angalau niondoke kwa miguu yangu.

Nilimkuta asubuhi ya Idi Pili anakunywa chai na migebuka ya kukaanga nje ya nyumba ya kaka yake Saidi. Saidi alikuwepo, na Mama Yustina alikuwepo, anachambua miiba.

"Kaka Remiji," nilisema, nimesimama. "Nataka kuacha bendi."

"Kaa ule samaki."

"Sikio langu la kushoto halisikii. Miaka minne sasa. Niliwaficha."

Hakuna aliyeinua kichwa. Remiji akamega kipande, akatafuna mpaka akamaliza.

"Kanisi," alisema, "unadhani zile mbao nilizichongesha kwa ajili ya nani? Mwimbaji wetu ana urefu wa mlingoti, aonekane zaidi afanyiwe nini?"

Sikuelewa mara moja. Nilikuwa mzito, kama mtu aliyeamshwa. Saidi ndiye aliyenisaidia.

"Mimi hupiga vizuri nikiwa kushoto kwa besi," alisema. "Nimejifunza hivyo tangu utotoni. Miaka mitatu na nusu nimekaa kulia kwako. Ulifikiri ni kwa sababu ya nini, mandhari?"

"Mlijua?"

"Miezi sita baada ya kuugua," Remiji alisema. "Ulianza kuwa na adabu nyingi. Nilikuwa nikikutukana kushoto unatabasamu."

"Mbona hamkusema?"

Hapo wakatazamana, na Mama Yustina ndiye aliyejibu, kwa Kifipa, lugha aliyonilelea. Alisema mtu akifunika kidonda, si kazi ya mgeni kumfunua nguo. Wewe unakaa karibu, unahakikisha maji ya moto yapo.

"Jana nilikaa karibu," aliongeza kwa Kiswahili, akachukua samaki mwingine.

Nikamwuliza Remiji kuhusu Leonsi. Nilimwambia neno lake, bendi si hospitali. Aliweka kikombe chini. Mwalimu yule, aliyekuwa haoni haya mbele ya mtu yeyote, alitazama ardhi.

"Nililisema kwa hasira. Jioni ile ile nilikwenda kwake Leonsi kumwomba radhi, akaniambia meno yamemshinda, anataka kupumzika. Tulikunywa uji wa ulezi nyumbani kwake, tukaagana vizuri. Sikufikiria kuja kuwaambia ninyi." Akainua macho. "Neno la siku moja, na wewe umelibeba miaka mitano. Nisamehe."

Wanangu, nililia pale mbele ya samaki. Saidi akaniambia nisilie juu ya chakula, kina chumvi ya kutosha.

Mchana wa Idi Pili, kaka yake Saidi aliazima mbao za fundi mitumbwi, wakazitandika chini ya miguu yangu mbele ya watu wote. Mzee mmoja wa kanzu akauliza, "Za nini hizo?" Mara ya kwanza maishani nilijibu kwa sauti: "Mzee wangu, mimi ni kiziwi sikio hili. Nasikilizia miguu." Akasema, "Alhamdulillah, kumbe. Jana nilidhani umelewa." Uwanja ukacheka, na mimi nikacheka nikijua ninachokichekea. Nilikosea mara tatu mchana ule. Nilikuwa nageuka kwa Saidi napiga kelele, "Rudia, sijasikia!" naye ananyanyua fimbo juu kabisa niione. Sijawahi kupiga kwa raha kama ile, na nimepiga miaka mingi baada yake.

Niliporudi nyumbani nilimfuata mwenyekiti wa mtaa, nikamweleza. Aliniomba msamaha kwa lile alilotangaza, halafu akazunguka upande wa kulia kunisalimia upya, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe. Mpaka leo watu wa umri wangu hapa Milanzi wananijia kwa kulia. Ila ninyi vijana mlipokuja kuniuliza viatu, mdomo ulirudi kwenye uongo uliouzoea. Mama Yustina amekwisha tangulia. Remiji anaishi na binti yake, anasahau majina ila hasahau funguo za nyimbo. Saidi amerudi Kasanga anauza dagaa, na ananitumia sauti kwenye simu, nami naishika hapa, upande huu.

Nimewasimulia haya kwa sababu muziki huu wetu, soul na funk na ngoma za Karibi na chungu cha Mama Yustina, hauna siri kwenye vidole. Vidole mtavipata, mna miaka kumi ya mazoezi mbele yenu. Ila mtapiga na watu, na kila mmoja wenu ana kitu amekifunika. Mmoja haoni vizuri mwanga ukipungua, anajifanya mzembe. Mmoja hawezi kusoma, anasema amesahau miwani. Siwataji. Mnajijua, na huenda wenzenu nao wameshajua na wameshawahamishia dramu.

Mkitaka kujua ilikuwaje baada ya Kasanga, nitawaambia kuhusu safari ya kurudi, kisha mniache nipumzike.

Tuliondoka asubuhi iliyofuata. Lori lilikuwa limejaa vyombo, magunia ya dagaa na sisi juu yake. Wote walikuwa wanaongea, Saidi anaiga jinsi nilivyopiga peke yangu kwenye kimya, mwimbaji anacheka, Remiji anakosoa wimbo wa nne. Kwa miaka minne sikuwa nimefumba macho kwenye lori lile, kwa hofu mtu ataniita nisisikie. Nikatandika koti juu ya gunia. Nikalala, na nikalalia sikio la kulia, lile linalosikia. Dunia ikazimika. Sikusikia injini, wala vicheko, wala jina langu kama kuna aliyelitaja. Nilihisi tu gunia linavyotikisika na bega la mtu limeegemea mgongo wangu.

Nilishtuka natikiswa. Tulikuwa tumeshapanda mlima wote, baridi ya Sumbawanga inanikata masikio yote mawili, na watu wanashusha vyombo. Nikawauliza kama nimelala sana.

"Tangu Kasanga," Saidi alisema. "Umekoroma njia nzima. Na kukoroma kwenyewe, ndugu yangu, nje ya mdundo kabisa."